Kompyuta ya Chama Huuliza Jina kwa Nani?



Katika ziara zangu za ukaguzi wilayani Rungwe, lipo swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote yanayohusu mitambo ya ofisi. Swali lenyewe ni hili: kwa nini kompyuta ya chama hudai kwamba haioni jina fulani, ilhali jana ililiona? Kwa sura swali hili ni dogo. Lakini nimeshuhudia jambo hilo likichelewesha malipo ya wakulima na kukaribia kumharibia jina mfanyakazi mwaminifu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa nilieleze kwa kirefu, kwa lugha ambayo katibu asiyekuwa fundi ataweza kuifuata, na ambayo mwanachama anayesoma jarida hili nyumbani ataweza kuielewa.

SIKU YA MALIPO

Nianze na kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Chama hicho cha msingi sitakitaja, kwani nia yangu si kumwaibisha mtu.

Ofisi ya chama hicho ilikuwa na kompyuta tatu za mezani: ya katibu, ya mhasibu, na ya karani wa mizani. Ya nne ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati, haina kioo wala kibodi. Humo ndimo lilimokaa daftari la wanachama, pamoja na uzito wa kahawa ya kila mmoja na malipo yake. Kompyuta hiyo ilipewa jina la "hesabu". Zile tatu zilipotaka kusoma daftari ziliita "hesabu", nayo ikaitika.

Usiku wa kuamkia siku ya malipo umeme ulikatika, kisha ukarudi. Asubuhi karani aliwasha kompyuta yake, akaita "hesabu" kama siku zote. Haikuitika. Akajaribu kwa kompyuta ya katibu, ikawa vile vile. Nje mvua ya Tukuyu, ambayo wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa, ilikuwa ikinyesha bila kupumzika. Wanachama walikuwa wamejibanza chini ya upenu tangu alfajiri, wengine wametoka mbali kwa miguu. Hadi jioni hakuna aliyelipwa hata senti moja.

Mzee mmoja aliniita pembeni akaniuliza, "Mwanangu Mkaguzi, fedha yetu imepotelea wapi humo ndani?" Sikuwa na jibu. Wakati huo maneno yalikwisha anza kusemwa kwamba karani anajua zilipo. Nami, badala ya kutafiti, niliandika katika taarifa yangu kwamba "mtandao wa intaneti ulikuwa mbovu, na karani hakuchukua tahadhari."

Siku ya pili alifika fundi kutoka Mbeya. Hakutumia hata dakika kumi. Alituonyesha kwamba fundi aliyetangulia alikuwa ameandika ndani ya zile kompyuta tatu kuwa "hesabu" inapatikana kwenye namba 192.168.1.10. Lakini umeme uliporudi, kifaa kinachogawa namba ofisini, yaani ruta, kiliipa kompyuta ya kabatini namba 192.168.1.14, na ile namba 10 kikaipa mashine ya kuchapia. Kwa hiyo kutwa nzima karani alikuwa akiiomba mashine ya kuchapia imsomee daftari la wanachama. Fedha ilikuwapo, daftari lilikuwapo, intaneti ilikuwa nzima, na karani hakuwa na kosa lolote. Kilichopotea ni maelekezo ya njia.

Nililazimika kuandika taarifa ya marekebisho, na nilimwomba karani radhi mbele ya Bodi ya chama. Tangu siku hiyo sikubali maneno "hakuna mtandao" katika taarifa yoyote mpaka nijue maana yake hasa.

JINA NA NAMBA

Kila katibu anajua kwamba katika daftari la wanachama jina peke yake halitoshi. Huku kwetu Rungwe chama kimoja chaweza kuwa na akina Mwakyusa kadhaa, na kati yao wawili wakawa na jina moja la kwanza. Ndiyo maana kila mwanachama hupewa namba. Wanadamu huitana kwa majina. Daftari hutambua kwa namba.

Kompyuta nazo ni vivyo hivyo. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani ya namba, ambayo huitwa anwani ya IP. Aina iliyozoeleka zaidi ina mafungu manne ya tarakimu yaliyotenganishwa kwa nukta, na kila fungu huanzia 0 hadi 255. Namba zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya ofisi na nyumba. Zaweza kutumiwa Tukuyu na Tanga kwa wakati mmoja bila kugongana, kwa kuwa hazitoki nje.

Jina lina faida mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu hulikumbuka kwa urahisi. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kwamba namba yaweza kubadilika na jina likabaki lile lile. Mwanachama anayehama kutoka Masoko kwenda Kiwira habadili jina lake, hubadilika tu jibu la swali "anakaa wapi?" Basi kazi yote ninayoieleza hapa ni hiyo moja: kompyuta kupewa jina na kutafuta namba yake. Jibu likiwa sahihi na la wakati, kazi hukwenda. Likiwa la zamani, kazi hukwama. Likiwa la uongo, chama huibiwa.

DAFTARI MOJA LA DUNIA NZIMA

Katika miaka ya 1970, wakati mtandao uliozaa intaneti ulipokuwa bado na kompyuta chache huko Marekani, majina yote yaliwekwa katika faili moja tu. Faili hilo lilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford, jimbo la California, na kikundi kilichoongozwa na mama mmoja aitwaye Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuongeza kompyuta mpya alipeleka habari huko, na kila mwenye kompyuta alikwenda kunakili faili hilo upya mara kwa mara.

Utaratibu huo ulifaa kwa jamii ndogo. Kompyuta zilipozidi kuongezeka, faili likawa refu, nakala zikapitwa na wakati, na majina yakaanza kugongana. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja, Paul Mockapetris, alitoa mpango mwingine: majina yasitunzwe na mtu mmoja, bali kila eneo litunze majina yake lenyewe na kuyatolea majibu. Mpango huo ulitengenezwa upya mwaka 1987, na ndio unaotumika hadi leo. Huitwa kwa kifupi DNS.

Wanaushirika hawatashangaa kusikia hayo. Huo ni ugatuzi wa madaraka. Chama kikuu hakiwezi kujua kila shamba la kila mwanachama. Chama cha msingi ndicho kinachojua. Chama kikuu kinatakiwa kujua tu ni chama gani cha msingi cha kuulizwa.

Hata hivyo lile faili la kale halikufa. Kila kompyuta ya mezani ingali na faili dogo liitwalo hosts, ambamo mtu aweza kuandika jina na namba kwa mkono. Ndilo lililotuletea matatizo katika kisa nilichokieleza.

SAFARI YA SWALI

Tuseme mgeni ameshuka katika stendi ya Tukuyu, anatafuta nyumba ya mtu fulani iliyo katika kitongoji cha mbali upande wa Mwakaleli. Pale stendi hakuna anayeijua nyumba hiyo, lakini wanajua gari liendalo Mwakaleli. Akifika Mwakaleli wataomba jina la kijiji na kumwelekeza. Kijijini atamkuta mwenyekiti wa kitongoji, naye atamwonyesha mlango. Hapana hata mmoja kati yao aliyejua safari yote, lakini kila mmoja alijua hatua iliyofuata.

Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Chukueni mfano wa tovuti ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yaani www.ushirika.go.tz. Jina hilo husomwa kutoka mwisho. Kwanza huulizwa seva za mizizi, ambazo ni kama ile stendi. Seva hizo zina majina 13 yaliyoandikwa kwa herufi A hadi M, ingawa mitambo yenyewe iliyotawanywa duniani ni zaidi ya 1,000. Seva ya mzizi haiijui Tume ya Ushirika, lakini inawajua wanaotunza majina yanayoishia kwa tz. Hao nao humwelekeza muulizaji kwa wanaotunza majina ya go.tz, yaani ya Serikali, hadi afike kwa seva inayojua anwani ya tovuti yenyewe. Safari hiyo yote kwa kawaida huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Eneo la majina namna hiyo huitwa kikoa. Wazee wa Pwani wanalijua neno hili tangu zamani: kula kikoa ni watu kushirikiana chakula kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kikoa cha nchi yetu, tz, kiliandikishwa mwaka 1995. Mwaka 2006 iliundwa asasi ya tzNIC ya kukisimamia, na usimamizi wake wa kiserikali uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ndani yake mna mafungu: co.tz kwa biashara, or.tz kwa asasi, ac.tz kwa vyuo, na go.tz kwa Serikali. Jina la go.tz haliuzwi kwa yeyote atakaye. Kwa hiyo katibu akiona tovuti inayojiita ya Serikali lakini haiishii kwa go.tz, ana haki ya kusimama na kuuliza.

Ili kupunguza safari, kila anayejibu huambatanisha muda wa jibu lake, tuseme saa moja. Katika muda huo kompyuta hukumbuka jibu wala haiulizi tena. Ndiyo sababu anwani ikibadilishwa leo, ofisi moja huona badiliko mara moja na nyingine huchelewa. Huo si ubovu.

KOMPYUTA YA MEZANI HUULIZA KWA UTARATIBU GANI

Jambo hili yafaa likaririwe, maana ndani yake mna nusu ya maelezo yote. Kompyuta ya mezani ikipewa jina hufuata utaratibu ufuatao:

Kwanza, hutazama iwapo jina hilo ni lake yenyewe, na iwapo limo katika kumbukumbu yake au katika faili la hosts. Likiwamo, haiulizi kokote. Hata kama jibu hilo ni la miaka mitatu iliyopita, italiamini.

Pili, lisipokuwamo, huuliza seva ya majina iliyoelekezwa. Kwa kawaida maelekezo hayo hutolewa na ruta wakati kompyuta inapowashwa, na ruta nayo huyapata kwa kampuni inayotuuzia huduma ya intaneti.

Tatu, seva hiyo ndiyo inayokwenda ile safari tuliyoieleza, kisha hurudisha jibu.

Kutokana na utaratibu huu yapo mambo mawili ya kushika. Majina ya ndani ya ofisi, kama "hesabu", hayajulikani nje. Kuiuliza seva ya Dar es Salaam au ya Ulaya kuhusu "hesabu" ni sawa na kuuliza London nyumba ya jirani yako wa Katumba. Majina ya nje, kwa upande mwingine, hayafai kuandikwa kwa mkono ndani ya faili la hosts, maana wenyewe wakihama hawatakuja kutuarifu.

KUPANGA KOMPYUTA ZA OFISI

Maelezo haya yanahusu kompyuta zinazotumia Windows, ambazo ndizo nyingi katika ofisi zetu. Maandishi ya kwenye kioo nimeyaacha kama yalivyo ili katibu ayatambue.

(a) Kila kompyuta ipewe jina fupi lenye maana: hesabu, katibu, mizani. Jina lisiwe na nafasi katikati, wala kompyuta mbili zisipewe jina moja.

(b) Kompyuta inayotumiwa na wengine, pamoja na mashine ya kuchapia, lazima ziwe na namba zisizobadilika. Njia bora ni kuiagiza ruta iihifadhi namba hiyo kwa ajili ya mashine hiyo peke yake. Ruta huitambua mashine kwa alama ya kiwandani ya kadi yake ya mtandao. Chama kile kingefanya hivyo, kukatika kwa umeme kusingeleta hasara. Hili litangulie, kuandika majina kabla ya kutuliza namba ni kujenga juu ya tope.

(c) Kama ruta inaweza kutunza majina ya ndani, majina yaandikwe humo, mara moja, kwa faida ya kompyuta zote. Kama haiwezi, ndipo tutumie faili la hosts katika kila kompyuta. Faili hilo limo katika C:\Windows\System32\drivers\etc na hufunguliwa kwa programu ya Notepad kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Kila mstari huanza na namba, hufuata nafasi, kisha jina, hivi:

192.168.1.10   hesabu
192.168.1.20   printa

Mstari unaoanza na alama ya # ni maelezo tu, na kompyuta haiusomi. Tumieni mistari hiyo kuandika tarehe na jina la aliyefanya badiliko. Faili lihifadhiwe kwa jina la hosts tupu, likiongezewa.txt mwishoni, kompyuta haitalisoma, na fundi atahangaika bure.

(d) Seva ya majina ya nje kwa kawaida iachwe itolewe na ruta. Katika ukurasa wa mipangilio ya mtandao chaguo hilo huandikwa "Obtain DNS server address automatically". Ikibidi kuiandika kwa mkono, chaguo ni "Use the following DNS server addresses", nalo lina nafasi mbili. Zipo seva zilizo wazi kwa watu wote, kama 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza mwaka 2009, na 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyoanza mwaka 2018. Hizo huyajua majina ya dunia, lakini haziijui "hesabu" yenu. Aidha, nafasi ya pili si ya majina ambayo ya kwanza haiyajui. Ni ya akiba tu iwapo ya kwanza haijibu. Zote mbili lazima ziwe na uwezo wa kujibu maswali yale yale.

(e) Baada ya badiliko lolote, kumbukumbu ya zamani ifutwe. Fungueni dirisha la amri na kuandika ipconfig /flushdns.

(f) Jaribuni. Kwa jina la ndani andikeni ping hesabu, mkaangalie namba inayotokea: je, ndiyo iliyo katika daftari lenu? Kwa jina la nje andikeni nslookup www.ushirika.go.tz. Mtahadhari hapa: amri ya nslookup huiuliza seva ya majina moja kwa moja wala haisomi faili la hosts. Katibu mmoja aliitumia kutafuta "hesabu", akaambiwa haipo, akavunja mpangilio uliokuwa mzima.

Kwa wanaotumia Linux utaratibu ni ule ule, isipokuwa faili la majina ni /etc/hosts, na mpangilio wa nani aulizwe kwanza umo katika /etc/nsswitch.conf.

KABLA YA KUSEMA "HAKUNA MTANDAO"

Yafanywe majaribio matatu kwa mfuatano, na matokeo yaandikwe.

La kwanza: ruta inaitika? Andikeni ping na namba ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1. Isipoitika, tafuteni waya, umeme, au ruta yenyewe.

La pili: nje kunaitika kwa namba? Andikeni ping 8.8.8.8. Ruta ikiitika na huku kukakaa kimya, mwulizeni mtoa huduma ya intaneti.

La tatu: nje kunaitika kwa jina? Ikiwa namba inaitika na jina haliitiki, mtandao upo. Kilichokwama ni utafutaji wa majina, na hilo mara nyingi ofisi yaweza kulitengeneza yenyewe. Kumbukeni pia kwamba vivinjari vya siku hizi vyaweza kupangwa viulize majina kwa njia yao. Ndiyo maana tovuti zaweza kufunguka ilhali programu nyingine inalalamika.

Wanachama wengi wanaikumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, siku ambayo Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Kosa katika kazi ya matengenezo liliikata mitambo ya kampuni hiyo kutoka kwenye intaneti, zikiwamo seva zake za majina. Dunia nzima ikawa inauliza "Facebook iko wapi?" na hakuna wa kujibu. Huku kwetu wapo walionunua vifurushi upya siku ile wakidhani fedha zao zimekwisha. Angejaribu mtu tovuti nyingine angejua mara moja kwamba kasoro haikuwa kwake.

ANAYEJIBU NDIYE ANAYEONGOZA

Sasa nije kwenye jambo linalonihusu zaidi kama mkaguzi. Kompyuta huamini jibu inalopewa na seva yake. Kwa hiyo yeyote anayeweza kubadilisha mistari ya faili la hosts, au kuibadili seva ya majina ndani ya ruta, anaweza kuipeleka kompyuta ya chama mahali pengine kabisa, huku jina lililoandikwa likiwa ni lile lile la benki yetu.

Hili si la kubuni. Mwezi Novemba 2011 polisi wa Estonia kwa kushirikiana na Marekani waliwakamata watu waliosambaza kirusi kilichojulikana kama DNSChanger. Kirusi hicho kilibadilisha seva za majina katika kompyuta zipatazo milioni 4, katika nchi zaidi ya 100. Wenye kompyuta hawakujua lolote. Waliandika majina sahihi na majibu yakatolewa na wezi. Kuondoa seva hizo kwa ghafla kungewaacha watu wengi bila majina, hivyo ilibidi seva halali ziwekwe mahali pake hadi tarehe 9 Julai 2012.

Vyama vyetu leo vinatuma taarifa kwa MUVU, ambao ni Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Fedha za wakulima hupitia benki na simu. Na yapo mazao ambayo mnada wake huendeshwa kwa kompyuta katika Soko la Bidhaa Tanzania. Kote huko mlango ni jina. Tunamchagua mweka hazina kwa uangalifu, tunadai dhamana, tunataka saini mbili katika hundi. Kisha tunamruhusu kijana tusiyemfahamu aingie ofisini, abadilishe maelekezo ya milango yote, na aondoke bila kuandika hata mstari mmoja. Jambo hilo haliendani na taratibu zetu.

Naomba basi kila chama kitekeleze yafuatayo:

1. Lifunguliwe daftari la mitambo. Humo ziandikwe kila kompyuta, jina lake, namba yake, seva ya majina inayoulizwa, na mistari yote iliyomo katika faili la hosts. Ukurasa mmoja watosha.

2. Badiliko lolote liandikwe tarehe, sababu na jina la fundi, na katibu atie saini. Fundi asiyekubali kuandikwa asiguse mitambo.

3. Neno la siri la ruta lililotoka kiwandani libadilishwe, na neno jipya lihifadhiwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu.

4. Mara moja kwa mwezi katibu aandike ipconfig /all, atazame mstari wa "DNS Servers", na kuulinganisha na daftari. Vikitofautiana, kazi za benki zisimame hadi sababu ijulikane.

5. Kivinjari kikitoa onyo kwamba tovuti ya benki haithibitiki, onyo hilo lisipuuzwe kwa kisingizio cha haraka. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili pekee tutakayopewa.

MWISHO

Ndugu zangu, hakuna chama kitakachokufa kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa vibaya katika kompyuta. Lakini chama chaweza kufa kwa shaka. Wakulima wanaosimama mvuani kutwa nzima bila kuelezwa kwa nini hawalipwi hawatailaumu ruta. Watamlaumu karani, kisha Bodi, kisha ushirika wenyewe. Mwanachama akishaondoka na shaka hiyo, mwaka unaofuata kahawa yake huipeleka kwa mlanguzi.

Yule mzee aliyeniuliza fedha imepotelea wapi nilimtafuta baadaye nikamweleza kwamba haikupotea, ila kompyuta ilielekezwa nyumba isiyo yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ungeuliza kwanza, mwanangu, kabla ya kuandika." Alisema kweli. Tuwe na daftari, tujue kompyuta yetu huuliza jina kwa nani, na tuulize kabla ya kuandika.